Albamu ya Honi, Fundi Makochi

Siku niliyoingia kwenye nyumba ile kama bibi harusi nilidhani nimeangukia ugomvi. Mume wangu alimwuliza mama yake chumvi iko wapi, kwa sauti ambayo kwetu huitumia kumkimbiza mwizi. Mama mkwe akamjibu kwa sauti hiyo hiyo kwamba chumvi iko palepale ilipokuwa jana. Niliweka kijiko chini nikasubiri kitakachofuata. Hakikufuata kitu. Watu walikuwa wanakula kwa amani kabisa.

Mimi ni mdadisi. Wasionipenda husema ni mdaku, na sina haja ya kugombana nao. Nikaanza kuchunguza. Niliona kwamba katika nyumba ile mtu hakusemeshi akiwa amekupa mgongo. Haongei akiwa anatafuna, wala hazibi mdomo kwa kiganja hata akicheka. Akitaka kusema neno, kwanza anagonga meza kwa vidole mpaka wote wamtazame. Umeme ukikatika, mazungumzo nayo hukatika, na mama mkwe huaga akaenda zake kulala hata kama giza ndiyo kwanza linaingia. Simu hapokei. Husema simu zinamchosha, akampa aliye karibu.

Nilimwuliza mume wangu sababu. Akanishangaa, kana kwamba nimeuliza kwa nini watu hupumua.

"Masikio ya mama ni mazito kidogo," akasema. "Ni kile kiwanda."

Kile kiwanda kilikuwa cha nguo. Mama mkwe alisimamia mitambo ya kufuma tangu usichana wake hadi alipostaafu. Waliowahi kuingia ndani wanasema kelele zile huzisikii kwa masikio tu, unazisikia hadi kwenye meno. Wafumaji walikuwa wanatia pamba masikioni, ileile iliyookotwa sakafuni, maana hakuna aliyewapa kingine. Na kwa kuwa sauti ya mtu haikufua dafu mbele ya mitambo, waliongea kwa midomo mitupu. Waliyaumba maneno makubwa makubwa bila kutoa hewa, na mwenzao wa upande wa pili akayasoma na kujibu. Msimamizi aliweza kusimama katikati yao akasengenywa kushoto na kulia, naye anatabasamu tu. Zamu ikiisha walitoka nje, wakaanza kutumia sauti, na hakuna aliyekumbuka tena jinsi ya kuipunguza.

Aliyerithi sauti hiyo kuliko ndugu zake wote ni wifi yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Honi. Mama yake aliapa kwamba mtoto wake hatakanyaga kiwandani, akampeleka kujifunza kutengeneza makochi. Leo Honi ana karakana yake ng'ambo ya barabara, na ni fundi ambaye watu humfuata kutoka mbali. Anachana kitambaa kikuukuu, anang'oa gunia, anakaza springi, anakata sponji mpya kwa kisu kirefu, kisha anavuta kitambaa na kukipiga stepla huku anagomba. Anagomba na nani, sikujua. Nilidhani na mteja. Nilipochungulia nikakuta yuko peke yake na kochi.

Kuna mambo ambayo fundi makochi anayajua na sisi wengine hatuyajui. Ndani ya kochi huwa mna maisha ya wenye nyumba. Honi hukuta vijiko, vifungo, meno ya bandia, picha zilizokatwa nusu. Sheria ya karakana ni kwamba kila kitu kinarudi kwa mwenyewe, hata pini. Siku moja, enzi ambazo watu bado walikuwa na redio za kaseti, alikuta kaseti isiyo na jina ndani ya kochi la mwalimu mstaafu. Akairudisha. Mwalimu akasema si yake, wala hajui imeingiaje humo, na amwondolee takataka hiyo. Basi Honi akaisikiliza.

Alikuwamo mtu mmoja na gitaa la mbao, anapiga haraka kama anayewahi kitu, anapayuka kwa lugha ambayo Honi hakuielewa hata neno moja. Hakuimba vizuri. Lakini alikuwa na hasira ya kweli, na katikati ya hasira watu waliokuwa naye wakaangua kicheko, kisha wote wakaitikia kwa pamoja bila mpangilio. Honi alitaka kujua mtu huyu amekasirishwa na nani, na kwa nini amekwenda vitani na gitaa dogo namna ile. Akaipeleka kaseti kwa fundi redio anayeitwa Waya, ambaye pia hurekodi kwaya na harusi. Waya akasikiliza kidogo akasema hiyo ni panki, muziki wa makelele wa Ulaya, isipokuwa huyu ameufanya kwa gitaa lisilo la umeme, na kwamba watu hawa huimba juu ya serikali, mabosi na kodi za nyumba.

"Kumbe ugomvi wa nyumbani kwetu una jina," Honi akasema.

Akanunua gitaa lenye ufa, akauziba ufa kwa gundi ya makochi, na tangu hapo mtaa haukupata usingizi wa mchana. Alijifunza kwa kulipiga jinsi anavyopiga stepla. Nyimbo alizitoa katika kazi yake. Diwani alipoleta makochi ya ofisi yake kutengenezwa, Honi aliona kitu. Kiti cha diwani mwenyewe kilikuwa kimezama hadi springi zimegusa ubao. Kochi la wageni, lile la wananchi wanaoleta malalamiko, halikuwa limebonyea hata kidogo, na chini ya mto wake hamkuwa na kijiko wala kifungo. Alitengeneza kiti cha diwani, akarudisha kochi la wageni kama lilivyokuja, na wiki ile ile mtaa mzima ukawa unaimba:

*Kochi la wageni halijabonyea,*
*Waheshimiwa, nani mlimpokea?*

Diwani alituma mtu kumwuliza kama ana chama. Honi akajibu kuwa ana mkasi.

Lakini hakuna wimbo uliotoka kwenda mtaani kabla mama yake hajaupitisha. Hili ndilo lililonivutia kuliko yote. Honi, ambaye hamwogopi diwani wala mwenye nyumba, alikuwa akiingia jikoni kwa mama yake na gitaa, anavuta kigoda, anakaa mbele yake goti kwa goti, anaimba. Mama mkwe anaacha kuchambua mchele, anakodoa macho, hapepesi. Wimbo ukiisha anasema ndiyo au hapana. Hakuwa na huruma. Wimbo mmoja aliukataa kwa kuwa mwimbaji alijitia kujua njaa ambayo hajawahi kulala nayo. Mwingine aliukataa kwa kuwa kiitikio kilikuwa kirefu kuliko malalamiko yenyewe. Honi alinuna, akarekebisha, akarudi. Jikoni mle nilimwona wifi yangu akiwa na furaha kuliko mahali pengine popote.

Mkubwa kuliko zote ulikuwa wimbo wa kiwanda. Mama mkwe alikuwa na rafiki wa mtambo wa jirani, mwanamke mpole sana. Mwaka mmoja kiwanda kikatangaza kuwapima wafumaji masikio. Nesi wa kiwanda alisimama mbele ya kila mmoja akamnong'oneza maneno, na mfumaji alitakiwa kuyarudia. Yule rafiki, kwa heshima, aliinamisha macho. Hakurudia hata moja. Wakampa mche wa sabuni na mkono wa kwaheri, wakasema mwenye masikio mabovu ni hatari kwa mitambo. Honi aliyasikia haya kwa mama yake, akayatungia wimbo wenye kiitikio hiki:

*Sisi tulitia pamba masikioni,*
*Nanyi mkatia yenu.*

Alipouimba jikoni, mama mkwe akasema, "Ndiyo. Ilikuwa hivyo." Akatoka kwenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Hapo ndipo Waya alipokuja na wazo la albamu. Alisema nyimbo zinapotea hewani, zikusanywe. Walizunguka kutafuta chumba kilichotulia na kila mahali pakawa na mbwa, au mashine ya kusaga, au mahubiri. Mwishowe Waya akasimama katikati ya karakana ya Honi akapiga kofi moja. Kofi likafia mikononi mwake. Sponji zilizopangwa hadi darini zilikuwa zimemeza mwangwi wote. Wakajenga kibanda kwa magodoro, Honi akaingia na gitaa lake, na mimi nikapewa kazi ya kuitikia pamoja na mafundi wawili na mteja mmoja aliyekuja kudai kochi lake akaishia kuimba.

Tabu ilikuwa sauti. Kila Honi alipofungua mdomo, mshale wa mashine ya Waya ulilala upande mwekundu. Waya akasogeza kipaza sauti nyuma. Akakisogeza tena. Mwisho akakiweka nyuma ya kochi la watu watatu, kimegeuziwa ukuta.

"Dada, unamwimbia nani?" akauliza. "Mimi niko hapa hapa."

"Namwimbia mama."

"Mama yako si yuko nyumbani, ng'ambo ya barabara?"

"Ndiyo maana yake."

Waya alitaka kuilainisha sauti kwa mitambo yake, Honi akakataa katakata. Alisema ikilainishwa mama hataisikia, na mama asipoisikia hakuna albamu. Hakuwa anatania. Waya alikuwa ameshaahidi kuipeleka redioni kwa mtangazaji rafiki yake, lakini Honi alimwambia waziwazi kwamba mama asipoipitisha, haitoki. Tena safari hii alitaka kumshtukiza. Nusu ya nyimbo alizitungia palepale karakanani, hakuzipeleka jikoni. Albamu akaiita *Pamba Masikioni*, na neno la kwanza kabisa ndani yake ni yeye akisema, "Mama, hii ni yako." Nilipomsikia akilisema nilitokwa na machozi kwenye kibanda cha magodoro, na Waya akasema turudie kwa sababu nilivuta makamasi.

Jumapili baada ya chakula tukakusanyika sebuleni. Waya alikuja na spika mbili, akaziweka juu ya meza. Mama mkwe alikuwa amevaa nguo yake nzuri. Akakaa kwenye kochi ambalo binti yake alimtengenezea, mikono mapajani. Mume wangu alikaa kando yake, mimi kando ya mume wangu. Honi alishindwa kukaa. Alisimama nyuma ya kochi la mama yake, ameshika mgongo wa kochi kwa mikono miwili, roho juu.

Sauti yake ikatoka kwenye spika: "Mama, hii ni yako." Honi akamtazama mama yake utosini. Mama mkwe alikuwa anazitazama spika. Alizitazama kwa makini ile ile ya jikoni, macho yanakwenda ya kulia, yanarudi ya kushoto, kama anayesubiri mtu atokee mle ndani. Gitaa likaanza. Mume wangu, ambaye mguu wake hautulii hata usingizini, akaanza kupiga sakafu kwa kisigino. Mama mkwe akaanza kutikisa kichwa kufuata mdundo. Honi akapumua.

Nami nikapumua, kisha nikaanza kuchunguza, maana ndivyo nilivyo. Katika wimbo wa diwani kuna mahali ambapo yule mteja wa kochi anakosea kuitikia na sote tunaangua kicheko. Pale sebuleni tukacheka tena. Mama mkwe alitutazama, kisha naye akacheka. Mume wangu aliposimama kufunga dirisha, kichwa cha mama mkwe kilisimama. Aliporudi na mguu wake, kichwa kikaendelea. Nikakumbuka jinsi nilivyowahi kumsemesha akiwa anaosha vyombo, amenipa mgongo, asinijibu, nami nikashinda siku nzima nikidhani amenuna.

Nyimbo zikaisha. Waya akainama akazima mashine, sebule ikawa kimya. Lakini mume wangu alikuwa amezama katika mawazo yake, mguu unaendelea kupiga sakafu, na mama mkwe anaendelea kutikisa kichwa, ametabasamu, anazitazama spika ambazo hazisemi kitu. Waya alimwona. Honi alimwona. Nikaweka mkono wangu juu ya goti la mume wangu. Mguu ukasimama.

Kichwa cha mama mkwe kikasimama papo hapo.

"Nzuri sana, mwanangu," akasema. "Hasa huu wa mwisho."

"Mama," Honi akaita kutoka nyuma yake. Mama mkwe hakugeuka. "Mama!" Aliita kwa ile sauti iliyompa jina, Waya akashtuka na mimi nikashtuka. Mama mkwe bado alikuwa anazichekea spika.

Honi akazunguka kochi, akapiga magoti mbele yake.

"Husikii," akasema.

"Nasikia kidogo kidogo..."

"Husikii kabisa! Miaka yote hii, mama! Miaka yote hii ninapiga kelele ndani ya nyumba hii!"

"Usipige kelele," mama mkwe akasema. "Nakuona."

Mama mkwe aligonga mkono wa kochi kwa vidole, mara mbili, ingawa sote tulikuwa tunamtazama. Akasema kwamba siku ile ya kupimwa na yeye alikuwa hasikii kitu. Alikuwa kiziwi kama rafiki yake, labda kumzidi. Lakini nesi alisimama mbele yake akanong'ona, naye alikuwa mfumaji, alikuwa amesoma midomo tangu usichana wake. Alimkazia nesi macho kama mtu asiyefundishwa adabu nyumbani kwao, akayarudia maneno yote. Nesi akamwandikia kuwa ni mzima. Rafiki yake akaenda nyumbani na sabuni, yeye akabaki na mtambo. Kazini hakuthubutu kumwambia mtu. Nyumbani aliwaambia masikio yanamvuma kidogo, na watoto wakazoea kumgeukia na kupaza sauti, mambo yakaenda.

"Na ulipostaafu?" Honi akauliza. "Kwa nini hukuniambia ulipostaafu?"

"Ulikuwa umeanza kuja jikoni na gitaa. Ningekuambia, ungeendelea kuja? Nani anamwimbia kiziwi?"

Honi aliweka kichwa chake mapajani mwa mama yake akalia, na mama mkwe akamwinua kidevu haraka, kwa kuwa akilala hivyo hamwoni. Mume wangu aligeuzia uso dirishani. Waya alikuwa anakunja waya wake, anaukunjua, anaukunja tena. Akauliza taratibu kama amwambie mtangazaji albamu haipo.

Honi alinyanyuka, akachukua gitaa lililoegemezwa mlangoni, akavuta kigoda, akakaa goti kwa goti na mama yake. Akaimba nyimbo zote ambazo hazikuwahi kupita jikoni, moja baada ya nyingine, na mama mkwe akazitazama. Wa kwanza, ndiyo. Wa pili, ndiyo. Wa tatu, juu ya diwani yule yule, akasema hapana: umemtukana mno, watu wataanza kumwonea huruma. Waya akasema ndio wimbo ambao mtangazaji angeupenda kuliko zote. Mama mkwe, aliyekuwa anamtazama, akasema mtangazaji akaimbe mwenyewe. Tulicheka sote, na Honi akacheka huku pua inamtiririka, na wimbo ule ukaondolewa kwenye albamu. Zilizobaki mtaa unazo.

Kisha mama mkwe akanigeukia mimi.

"Mkwe wangu, wewe muulizaji. Hawa ni wanangu, watanidanganya kwa kunionea huruma. Niambie. Sauti yake ikoje?"

Sikuwa nimejiandaa kuulizwa. Nikamwambia bado anaifahamu, si alimsikia alipokuwa mdogo?

"Nilimsikia alipokuwa darasa la pili," akasema. "Alikuwa anaimba nyimbo za shule, meno ya mbele hana. Ndiyo sauti ya mwisho niliyoipata. Akifungua mdomo jikoni naitia hiyo mdomoni mwake."

Akatikisa kichwa.

"Nyimbo zote hizi za diwani na kiwanda na kodi, mimi namsikia mtoto wa darasa la pili ndiye anayefoka."

Nikajitahidi. Nikamwambia ni sauti nzito kwa mwanamke, ina mkwaruzo kama mkasi unaopita kwenye turubai. Nikamwambia ikipanda juu hupasuka kidogo, na hapo ndipo watu husimama barabarani kusikiliza. Nikamwambia si nzuri, mama, lakini ukiisikia huwezi kuendelea na ulichokuwa unafanya. Alinitazama mdomo hadi nikamaliza, akanitaka nirudie mahali pa mkwaruzo, nikarudia.

Akamgeukia binti yake.

"Imba tena," akasema. "Nijaribu kuitia hiyo."

Honi akaimba wimbo wa kiwanda kuanzia mwanzo, taratibu, kila neno ameliumba kwa midomo yote. Mama mkwe aliinama mbele, macho yamekaza, paji la uso limekunjamana kama mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano. Alijaribu ubeti wa kwanza. Alijaribu na kiitikio. Kisha uso wake ukalegea, akamshika binti yake shavu.

"Hapana," akasema. "Bado ni yule mdogo."

Honi hakuacha kuimba.